Mama Mizani na Neno Lililowapeleka Watu Mvuani

Alhamisi, tarehe 6 Machi, saa mbili kamili asubuhi. Mvua ya manyunyu imeanza tangu alfajiri na haioneshi nia ya kuacha. Chini ya paa la bati la zahanati, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anapanda juu ya kigoda, anatundika mizani kwenye ndoano ya boriti, anaigongagonga kwa kidole mpaka mshale utulie kwenye sifuri, kisha anashuka na kutazama saa yake ya mkononi.

"Saa mbili ni saa mbili," anawaambia akina mama waliojaa kwenye mabenchi. "Aliyekuja saa mbili na dakika tano, huyo kaja kesho."

Hakuna anayecheka, maana wote wanajua kwamba hatanii.

Mtaa mzima unamwita Mama Mizani. Hata mumewe humwita hivyo, hasa akishapakuliwa nyama na kuhesabu vipande. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yake ni kupima uzito wa watoto wa chini ya miaka mitano, kuwazungushia mkononi utepe wenye rangi tatu, na kuwafundisha wazazi namna ya kuwalisha. Utepe ukisimama kwenye kijani, mtoto yu salama. Ukisimama kwenye njano, ni tahadhari. Ukifika nyekundu, hakuna mjadala tena, ni mbio hospitalini.

Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Kaya zilizo chini ya uangalizi wake ni mia moja na kumi na mbili, na zote huzifikia kwa miguu. Posho anayopewa, anasema, hufariki kabla ya tarehe kumi ya kila mwezi, "na haina mazishi, maana haiachi hata mwili." Kinachomlisha hasa ni cherehani yake, ambayo hushonea sare za shule kila jioni.

Asubuhi hii anayening'inia kwenye mizani, ndani ya kisuruali cha kupimia, ni mtoto wa kike wa miezi minne. Amekunja uso kama hakimu aliyecheleweshewa chai. Mshale unasimama kwenye kilo nne na gramu mia saba. Mama Mizani anaigongagonga tena mizani. Mshale haubadili ushahidi wake.

Anaifungua kadi ya mtoto. Mwezi Januari, kilo nne na gramu mia sita. Februari, nne na mia saba. Machi, nne na mia saba. Mstari uliopaswa kupanda umelala, na sasa umeangukia eneo la hatari.

"Mstari wa mtoto hupanda kama ngazi," huwaambia akina mama kila mara. "Ukiuona umelala, jua nyumbani kuna mtu kalala."

Aliyemleta mtoto ni bibi yake mzaa baba, mwanamke mrefu wa miaka sitini na sita, mgongo umenyooka kama rula. Alihamia kwa mwanawe mwezi Januari ili kumsaidia mkazamwana wake kulea kifungua mimba. Kwa namna anavyoiendesha nyumba, majirani walimpa jina ndani ya wiki moja: Jemadari.

"Bibi," Mama Mizani anauliza, "mtoto huyu ananyonya pekee?"

"Pekee kabisa!" Jemadari anajibu kwa fahari. "Hata paka tunamtoa."

Benchi zima linaangua kicheko. Mama Mizani hacheki, kwa kuwa kidole chake kimekwisha kugusa kitu kikavu kwenye ukosi wa mtoto. Anakikwangua, anakinusa.

"Na huu uji shingoni, kanyonyeshwa na nani? Na huyo paka?"

Kicheko kinaongezeka. Hapo ndipo Mama Mizani, aliyekuwa na watoto arobaini wengine wakimngoja, anatamka maneno ambayo baadaye yatamnyima usingizi:

"Jamani, mtazameni bibi huyu vizuri. Ana masikio ya mapambo. Nilimwambia Januari, hapahapa, kwa mdomo wangu huu. Haya, tuendelee. Mwingine!"

Jemadari alimtoa mtoto kwenye kisuruali, akamfunga mgongoni, akafungua mwavuli wake, akaondoka. Kadi aliiacha mezani. Kwa watu wa zahanati, kuiacha kadi ni sawa na kurudisha pete ya uchumba.

*

Ili kuielewa hasira ya Mama Mizani, ni lazima kuelewa anachopigania. Mwaka uliopita mgeni kutoka makao makuu aliwakusanya wahudumu wa afya na kuwaonesha picha ukutani. Aliwaeleza kwamba dunia imepiga hatua: mwanzoni mwa karne hii, karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu wa chini ya miaka mitano alikuwa amedumaa, leo ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano. Aliongeza kwamba karibu nusu ya watoto wachanga duniani sasa hupewa maziwa ya mama bila kuchanganyiwa kitu katika miezi sita ya kwanza.

Wahudumu walipiga makofi. Mama Mizani alipiga pia, kisha akanyoosha mkono.

"Hiyo nusu nyingine inakaa mtaa gani?" aliuliza. "Nipeni anwani, nitakwenda."

Mgeni alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwanamke huyu hazifahamu takwimu za dunia ila kwa milango. Kwake yeye, udumavu una nyumba namba kumi na saba, una nyumba namba arobaini, na kuanzia tarehe 6 Machi ulikuwa na kadi moja iliyoachwa mezani.

Muuguzi mkuu wa zahanati alimshauri awe na subira. "Mwache apoe, dada. Atarudi mwenyewe."

"Mtoto hana muda wa kumngoja bibi yake apoe," alijibu. Akaitia kadi mkobani.

*

Ijumaa, mnamo saa nne za asubuhi, manyunyu yalikuwa yamekomaa yakawa mvua kamili. Mama Mizani alipokata kona ya nyumba ile, alisimama ghafla.

Familia nzima ilikuwa nje, imejipanga upenuni mwa nyumba, migongo imebanwa ukutani, maji yakiwachuruzikia vidoleni. Alikuwepo baba wa mtoto, ambaye ni seremala, amekumbatia stuli yenye miguu mitatu iliyokuwa ikingoja wa nne. Alikuwepo dada yake, shangazi wa mtoto, nywele zimesukwa nusu. Alikuwepo jirani wa chumba cha pili na mwanawe wa kike, wameshika beseni la viazi vilivyomenywa nusunusu. Paka alikuwa chini ya beseni. Mbele yao, kama kamanda mbele ya gwaride, alisimama Jemadari, mkono mmoja mwiko, mkono mwingine mfuniko wa sufuria.

"Shikamoo, mama," Mama Mizani alisalimia.

"Marahaba," Jemadari alijibu, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi.

"Kuna moto ndani?"

"Hakuna moto."

"Nyoka?"

"Nyoka wa nini! Mtoto ananyonya."

Mama Mizani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mtoto ananyonya. Na nyinyi je, huku nje mnafanya nini?"

"Tunatekeleza," alisema seremala kwa unyonge.

"Mnatekeleza nini?"

"Amri yako!" Jemadari alifoka. "Wewe ndiye uliyesema. Tarehe tisa Januari, mbele ya watu. Ulisema, 'Mama anyonyeshe pekee, miezi sita.' Ukarudia, 'Pekee!' Haya, yuko pekee. Yuko peke yake chumbani, mlango umefungwa. Nimemtoa mumewe, nimemtoa wifi yake, nimemtoa jirani anayelipa kodi yake halali, nimemtoa paka. Halafu unaniita mimi kiziwi!"

Mama Mizani anasimulia kwamba wakati huo aliyaona maneno yake mwenyewe yakimrudia, yakiwa yamelowa. Miongoni mwa wahudumu wa afya, "kunyonya pekee" ni neno la kazi na halihitaji mkia: maana yake ni kwamba mtoto apewe maziwa ya mama, asipewe kingine chochote, hata maji, mpaka atimize miezi sita. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye vitabu vyao. Siku ile ya Januari, foleni ikiwa ndefu na watoto wakilia kwa sindano za chanjo, aliona asipoteze muda.

"Nilikata maneno mawili tu," anasema. "Nilipaswa kusema 'maziwa ya mama pekee.' Nikasema 'mama anyonyeshe pekee.' Kumbe mtoto alikuwa ndani ya yale maneno niliyoyakata."

Jemadari naye alikuwa na sababu zake. Alikuwa amewalea watoto sita katika enzi ambazo mama alinyonyesha huku akichambua mboga na kugombana na wauza samaki. Aliposikia kwamba siku hizi mama hunyonyesha peke yake, hakushangaa. Alidhani ni elimu mpya, na elimu mpya aliipa heshima yake yote.

Tatizo ni kwamba kuwatoa watu watano na paka nyumbani si kazi ndogo. Basi aliiwekea utaratibu: mara nne kwa mchana, kwa kengele ya mwiko na mfuniko.

"Na katikati ya kengele, mtoto akilia?" Mama Mizani aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Namtuliza. Maji ya sukari kidogo. Uji mwepesi, vijiko viwili vitatu, asubiri zamu yake. Mimi si katili, ati."

"Na usiku?"

Hapo seremala alipata sauti. "Usiku mimi nalala kwenye kochi, dada. Leo siku ya hamsini na saba. Kochi lenyewe nililiunda mimi. Sikujua kama huwa nawauzia watu kitu kibaya namna ile."

*

Mlango ulifunguka. Mama wa mtoto, msichana wa miaka ishirini na mitatu, alitokeza akiwa na mwanawe begani. "Tayari, mama," alimwambia mkwewe, na gwaride likaanza kuingia ndani.

Mama Mizani alimzungushia utepe mkononi yeye kwanza, kabla ya mtoto. Ulionesha kwamba naye amepungua. Kwa kuwa alikaa pekee, alikula pekee pia. Sahani yake ilipelekwa chumbani baada ya wengine kupakua, na hakuna aliyekuwepo kuona ilivyokuwa ndogo.

"Mbona hukusema, mwanangu?" Mama Mizani alimuuliza. "Wakati wa mimba nilikufundisha mwenyewe. Maziwa yako, basi."

Msichana aliinamisha kichwa. "Mama alisema ni agizo lako. Nikajua mmebadilisha. Hospitali si hubadilisha mambo kila mwaka?" Kisha, baada ya kumtazama mkwewe kwa pembe ya jicho, akaongeza: "Na tena, kwa kweli, kile chumba kilikuwa kimya. Nilikuwa napumzika."

Shangazi alicheka kwa nguvu mpaka msuko wake ukafumuka.

Mama Mizani alikaa kwenye kochi lile lile la lawama na kueleza upya, safari hii bila kukata neno. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Likijaa maji ya sukari, maziwa yatakaa wapi? Titi nalo ni kama kisima: kinachotekwa hujaa, kisichotekwa hujifukia. Mtoto anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, hata mara kumi, watu wakiwepo au wasiwepo. Na mama aongezewe mlo mmoja kwa siku: maharage, mboga za majani, yai linapopatikana, tunda.

"Aongezewe?" Jemadari alipinga. "Kula kwa watu wawili ni wakati wa mimba. Huyo wa pili si ameshatoka?"

"Katoka tumboni, mama. Hajatoka sahanini."

Jemadari aliyapima maneno hayo, akaona hayana kasoro.

Hapo ndipo ulipofika mtihani wenyewe. Mama Mizani angeweza kusema kwamba bibi alisikia vibaya. Watu wengi wenye cheo kikubwa kuliko chake wangesema hivyo, na wangelala vizuri. Miaka kumi na mmoja ya jina jema ilikuwa mezani, na mashahidi walikuwa seremala mmoja na watu wenye viazi. Ukali ni dawa nzuri ya uzembe. Lakini ukali unaompiga asiyestahili ni uzembe wa huyo mkali mwenyewe, na hilo yeye alilijua.

"Kosa ni langu," alisema. "Wewe ulitii kila neno nililosema. Neno ndilo lililokuwa bovu. Nisamehe, mama."

"Hapana," alisema Jemadari.

"Hapana?"

"Hapa tuko wangapi? Saba, na mtoto. Kule walionicheka walikuwa arobaini, niliwahesabu. Ulinivua nguo barazani, leo unataka kunivisha chumbani? Mtoto nitamlea kama ulivyosema, huyo hana ugomvi na mtu. Lakini deni langu liko palepale."

Mama Mizani aliitoa kadi mkobani, akaiweka juu ya stuli ya miguu mitatu, ambayo ilianguka. Akaiokota, akampa msichana mkononi, akaaga.

*

Siku za kliniki huja kila baada ya wiki nne. Wiki hizo, anakiri, zilikuwa ndefu. Alipita nyumba ile mara tano, kila mara kwa saa tofauti ili kuwafumania. Mara zote aliwakuta ndani. Mara ya tatu alimkuta msichana ananyonyesha sebuleni, mbele yake sahani imejaa mpaka ukingoni, na Jemadari amesimama pembeni na mwiko, akimlinda asiache hata punje. Mara ya nne seremala alimpungia mkono kutoka dirisha la chumbani, uso umejaa nuru.

Lakini mtoto hakupimwa. Jemadari alikataa. "Atapimwa kule," alisema, "siku yake ikifika."

Alhamisi, tarehe 3 Aprili, kabla ya saa mbili, muuguzi mkuu alimvuta Mama Mizani pembeni. Alikuwa amepata habari yote. Mtaa ule hauna siri, hasa tangu majirani waanze kusimama nje kwa kengele.

"Subiri kwanza mizani iseme," alimshauri. "Mtoto akiwa amepanda, utaomba radhi kwa raha. Akiwa hajapanda, basi huenda bibi bado anampa uji, na huna haja ya kujidhalilisha."

"Kwa hiyo kosa langu la Januari lingoje gramu za Aprili?" aliuliza. "Hapana, dada."

Saa mbili kamili alipanda juu ya kigoda. Hakutundika mizani. Akina mama walitazamana. Jemadari alikuwa benchi la pili, mgongo rula, mjukuu mapajani, mkazamwana kushoto kwake na mwanawe kulia.

"Mwezi uliopita," alianza, "nilimwambia bibi huyu kwamba ana masikio ya mapambo, nanyi mkacheka. Masikio yake ni mazima. Mdomo wangu ndio uliokuwa na ugonjwa. Nilimpa agizo nusu, akalitekeleza zima. Ameisimamisha familia yake mvuani karibu miezi miwili kwa kunitii mimi. Kama wote mngenitii hivyo, ningekuwa nimestaafu. Nimemkosea mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi."

"Kule nyuma hawajasikia," alisema Jemadari.

Mama Mizani alivuta pumzi, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliyekuwa dirisha la dawa alitoa kichwa nje kusikiliza.

Jemadari alisimama, akamnyoosha mtoto mbele. "Pima."

Mizani ikatundikwa. Mtoto akatiwa ndani ya kisuruali, ambacho safari hii kilimbana mapajani. Mshale ulipita nne na mia saba bila kusalimia, ukapita tano, ukatetemeka, ukasimama: kilo tano na gramu mia nne. Utepe wa mkononi ulisimama kwenye kijani. Msichana alifunika uso kwa mikono yake. Benchi la nyuma lilipiga vigelegele, na mtoto, kwa kushtuka, aliilowesha mizani.

"Na mimi je?" seremala alidakia katikati ya kelele. "Usiku hamsini na saba kwenye kochi! Nani atanilipa?"

"Kalidai kochi," Mama Mizani alimjibu. "Fundi wake unamjua."

Kwa sasa ana mipango miwili. Wa kwanza ni kulifuta lile neno. Amewaandikia wakubwa wake barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko wa kuunganisha, akiomba vitabu vya kufundishia viseme wazi: maziwa ya mama, bila maji, bila uji, bila sukari, watu ruhusa kubaki ndani. Hadi tunakwenda mitamboni, hajajibiwa. Yeye ameshaanza kuyatumia maneno hayo mwenyewe.

Mpango wa pili ni kuanzisha darasa la mabibi, kila Alhamisi ya kliniki. "Miaka yote hii nimekuwa nikizungumza na katibu," anasema, "na waziri wa chakula amekaa nyumbani na mwiko." Anatumaini kwamba ifikapo mwisho wa mwaka hakutakuwa na mstari hata mmoja uliolala katika kaya zake mia moja na kumi na mbili. Leo ipo mistari kumi na minne.

Alimwomba Jemadari awe kiongozi wa darasa hilo. Jemadari alijibu kwamba atafikiri, na kwamba watakaochelewa hatawapokea.

Kisha aliichukua kadi, akaitazama ile alama mpya iliyochorwa juu ya nyingine zote, akaitia kifuani. Aliwageukia akina mama arobaini, mmoja mmoja, kana kwamba anahakikisha hesabu.

"Mmesikia wote? Huyu mwanamke nilikuwa namdai," alisema. "Amenilipa. Simdai tena."